Picha ya Baiskeli kwenye Lami ya Malaba

Mundika, Busia
3 Februari 2025

Mjomba Ikapel,

Naomba barua hii ikukute salama, na homa ya Anti Ajiko iwe imepungua. Mimi sijambo. Chumba nilichopanga hapa Mundika kina dirisha moja linalotazama shamba la mihogo, na mwenye nyumba, Mama Selpha, hutuhesabu wapangaji kila jioni pamoja na kuku wake. Mwambie mama viazi alivyotuma vilifika. Viwili vilikuwa vimeoza, lakini hilo usimwambie.

Tangu Januari nimeajiriwa karani katika Egesha Kisasa, kampuni iliyopewa kazi ya kupanga maegesho ya magari Busia na Malaba. Mkataba wangu ni wa miezi sita. Tuko makarani watatu, na Bwana Meneja amesema mara mbili kwamba nafasi za kudumu ni mbili. Mara ya pili alikuwa akinitazama mimi.

Utaniuliza kwa nini siandiki kwa simu. Bwana Meneja ana mazoea ya kuomba simu zetu aone kama programu ya kulipia maegesho inafanya kazi. Huwa inakataa kufanya kazi mpaka amalize kusoma jumbe zetu. Kwa hiyo nimeona karatasi ni salama zaidi. Roselida anayeuza omena ndiye atakayeileta.

Nina swali dogo, Mjomba, tena ni la jumla tu. Nyinyi walemavu mnaovusha mizigo kwa baiskeli za mikono, pale ukutani kwa ghala kuukuu karibu na geti la mpaka, mko wangapi siku hizi? Na kama ingetokea mkaombwa kusogea kidogo, kwa mfano mita mia mbili, mngeona vibaya? Sijasema kwamba kuna anayewaombeni. Nauliza kwa sababu ya mikono yako, ambayo ndiyo iliyonipeleka sekondari, na sisahau.

Ukimaliza kuisoma barua hii, tafadhali ichome.

Ni mimi mpwa wako,
Mathews Otukei


Malaba
21 Februari 2025

Mpwa wangu Otukei, karani mkubwa,

Barua yako imenifikia ikinuka omena. Roselida aliipitisha Sio Port, akailaza juu ya gunia siku nne, akahudhuria mazishi Bumala, ndipo akakumbuka kwamba Malaba kuna watu. Sikuichoma. Anti yako amefungia nayo chumvi. Homa yake imeenda, imerudi, imeenda tena. Siku hizi inavuka mpaka kuliko mimi.

Mama yako anauliza kama Busia imehamishiwa ng'ambo ya bahari, maana Krismasi hukuja na Januari hukuja. Nikamwambia kijana ana kazi ya kupanga magari yasimame, na mtu wa kazi hiyo lazima aanze na kusimama mwenyewe.

Sasa swali lako la jumla. Tuko kumi na wanne. Tunasimama pale ukutani tangu kabla hujazaliwa, na si kwa sababu ya kupenda ukuta. Hapo ndipo penye ardhi tambarare. Ukienda mita mia mbili unazosema, ni mteremko. Sisi breki zetu ni mikono, na mkono mmoja unapokea mzigo. Nikipakiwa mitungi ya mafuta ya kupika kwenye mteremko nitaingia Uganda bila kugongewa muhuri.

Lakini tulia, kuna habari njema. Wiki jana walikuja watu na rangi nyeupe, wakachora mistari pale pale kwetu. Nafasi nne. Na katikati ya kila nafasi wakachora baiskeli ya mikono! Magurudumu matatu, pedali ya mkono mbele, mtu ameketi. Mzee Alinga, mwenzetu aliyeanza kazi hii kabla yetu sote, alitokwa na machozi. Akasema, "Miaka yote hii askari wa kanjo wakitufukuza, kumbe kuna mtu ofisini alikuwa anatuangalia." Tulichinja jogoo. Tukala tukiwa tumekaa juu ya picha zetu.

Kasoro ni moja tu: kichwa cha yule mtu ni kidogo mno. Kama ndizi moja juu ya gunia. Hebu tuulizie huko ofisini ni nani aliyechora. Tunataka kumpa asante, na tumshauri kuhusu vichwa.

Mjomba wako,
Ikapel


Mundika, Busia
4 Machi 2025

Mjomba mpendwa,

Nimefurahi kusikia Anti amepata nafuu, hata kama ni ya kwenda na kurudi. Hapa mvua imeanza. Mmoja wa makarani wenzangu, Sharlyne, alisema leo kwamba meza yangu inanuka samaki. Bwana Meneja akaja kunusa. Nilisema ni chakula cha mchana. Akaandika kitu kwenye daftari lake.

Mjomba, naomba usome sehemu hii polepole.

Zile picha si zenu. Ni alama ya nafasi za magari ya walemavu. Bwana Meneja ana kitabu, Mwongozo wa Maegesho katika Miji ya Kisasa, nacho kinataka kila mji wa kisasa uwe na nafasi nne za namna hiyo karibu na lango kuu. Kinataka pia nafasi mbili za magari ya umeme, na bango ambalo mtu hulielekezea simu ili lijue amefika. Anayetaka nafasi ya walemavu anajisajili kwenye programu, anaandika nambari ya gari lake, kisha anabandikiwa karatasi kwenye kioo. Mimi niliuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama Malaba kuna walemavu wenye magari. Bwana Meneja alisema, "Mji wa kisasa haungoji watu wake, unawatangulia."

Kuhusu magurudumu matatu: alama ilipaswa kuwa kile kiti cha kawaida kilicho kwenye Mwongozo. Lakini ukurasa ule ulitoka mweusi kwenye mashine ya kunakili, na mtu fulani akalazimika kuchora kwa kukumbuka. Bwana Meneja alipitisha bila kutazama. Mpaka leo hajaenda Malaba. Siwezi kusema zaidi juu ya mtu huyo.

Kuanzia tarehe 17 mwezi huu, chombo chochote kisichosajiliwa kitafungwa gurudumu kwa chuma. Nakusihi, kuanzia siku hiyo usisimame pale. Najua habari ya mteremko. Nafikiria juu ya mteremko kila siku. Lakini usisimame pale.

Hii uichome kweli.

Mpwa wako,
M. O.


Malaba
2 Aprili 2025

Mpwa wangu,

Sisi wazima. Mahindi yamepandwa. Binti yangu Akwii amepata mtoto wa kike, kilo tatu na nusu, anapiga kelele kama mpiga debe. Padri amekuja kubariki shamba la jirani, akabariki na letu kwa bahati kwa sababu ua umeanguka.

Roselida anaichukua barua hii hapa nyumbani, maana siku hizi nashinda nyumbani. Napumzika. Baiskeli iko mjini. Haijambo.

Mlingoti wenu wa kuchajia magari ya umeme nao haujambo. Haujaunganishwa na umeme, lakini Emojong wa bodaboda humfungia mbuzi wake pale, na mbuzi anaonekana amechangamka kidogo. Lile bango la kuelekezea simu limebandikwa tangazo la mganga.

Hukunijibu lile swali la nani aliyechora.

Ikapel


Mundika, Busia
8 Aprili 2025

Mjomba,

Hongera kwa Akwii. Mungu amkuze mtoto.

Barua yako niliipata jioni ya siku ile ile ambayo asubuhi yake nilikuwa nimepewa taarifa za Malaba nizinakili kwenye rejesta. Nitakuandikia ya kwanza kama ilivyo, kwa sababu niliinakili kwa mkono wangu:

"Kufungwa namba 1. Tarehe 19 Machi. Aina ya gari: haijulikani. Rangi: buluu. Magurudumu: matatu. Nambari ya usajili: hakuna. Maandishi nyuma: NITAFIKA TU. Maelezo: dereva alikataa kushuka."

Mjomba, kwa nini hukuniambia? Maandishi hayo niliyapaka mimi nikiwa darasa la saba. Umeniandikia habari za mbuzi.

Nimejaribu kila ninaloweza bila kuonekana. Ili chombo kifunguliwe, fomu inataka nambari ya usajili. Nikiacha wazi, kompyuta inakataa. Nikiandika "hakuna", inauliza HAKUNA limesajiliwa nchi gani. Nilimpelekea Bwana Meneja swali, nikasema ni la jumla tu. Alisema chombo kisichodaiwa na mwenye nambari kinahesabiwa kimetelekezwa, na baada ya siku sitini kinauzwa kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Siku sitini zinaisha tarehe 18 Mei.

Nikamwambia mwenye nacho huenda ni mlemavu. Akasema, "Ndiyo maana tumewawekea nafasi nne."

Mwambie Anti asihangaike. Nitapata njia. Sijui bado ni ipi.

Mpwa wako,
Mathews


Malaba
26 Aprili 2025

Otukei,

Salamu za mama yako, za Akwii, na za mjukuu, ambaye sasa anacheka mtu akitaja neno "kisasa". Huenda ni gesi.

Basi nikueleze, maana rejesta yenu imefupisha mno. Siku ile alikuja mtu mzima, baba wa watoto, jina lake Olinga, amevaa koti la kung'aa la kampuni yenu. Akaniambia, "Mzee, shuka tufunge hii." Nikamwambia, "Boss, ningekuwa na uwezo wa kushuka, ningenunua baiskeli ya kukanyaga kwa miguu." Akasema, "Mzee, usinipe maneno, shuka." Wamama wa mayai wakaanza: "Mwambie apae!" "Mfungie na yeye chuma, labda ana gurudumu!" Olinga akatokwa na jasho. Akasema, "Nyinyi mnacheka, lakini mimi nimepewa chuma kumi na tano na nimeambiwa jioni nisirudi nazo." Nikamhurumia. Nikamshika bega, akanibeba mpaka kwenye kreti, akaniketisha vizuri, akarudi akaifunga. Kwa adabu kabisa.

Wiki mbili nilikaa nyumbani nikiona aibu, na ni kwa aibu hiyo sikukuandikia ukweli. Halafu nikachoka nayo. Sasa Emojong hunileta kila asubuhi kwa bodaboda, amenifunga kwa mpira kama kreti ya soda, na ananiweka juu ya baiskeli yangu iliyofungwa. Nauza sabuni na viberiti. Kanjo hawanifukuzi, kwa kuwa niko chini ya ulinzi wa kampuni. Olinga aliyenifunga ndiye anayenilinda, na akienda chai ananiachia koti lake. Wenzangu wananionea wivu. Mzee Alinga alimwendea akamwomba amfunge na yeye, akaambiwa vyuma vingine vimepelekwa Busia.

Cheka, nimeandika ucheke. Sasa acha kucheka. Mzigo wa ng'ambo sibebi tena. Anaubeba Anti yako kichwani, mitungi miwili miwili, na homa yake ile. Juzi alianguka pale kwenye mteremko. Anasema hakuumia, mafuta ndiyo yaliyoumia. Anachechemea. Nyumba yenye mlemavu mmoja ilikuwa inatosha.

Tena lile swali langu. Niache kukutesa. Najua ni nani. Nilijua Februari, siku ile ya jogoo. Ukuta wa jiko letu bado una watu uliowachora kwa makaa ukiwa mdogo, na wote vichwa vyao ni vya ndizi. Wenzangu hawajui. Mzee Alinga bado anamwombea yule mtu wa ofisini kila Jumapili.

Sikudai kitu. Nilitaka tu uniambie wewe.

Mjomba wako


Mundika, Busia
13 Mei 2025

Mjomba wangu,

Sitaanza na habari za hapa, kwa sababu hazipo. Mvua inanyesha, Mama Selpha amepoteza kuku mmoja na sasa anatuhesabu mara mbili.

Ni mimi niliyechora. Ramani yote ya Malaba ni yangu, si picha tu. Nilipima kwa kitabu, sikuja kuona, nikaweka nafasi za walemavu juu ya walemavu. Nilipokuuliza Februari kama mnaweza kusogea, mistari ilikuwa tayari imeidhinishwa. Nilitaka unipe ruhusa ya jambo nililokwisha kulifanya. Na ukurasa ulipotoka mweusi, nikaambiwa nichore mtu mlemavu, sikuwaza kiti. Mkono ulichora wewe.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Sherehe ya uzinduzi itakuwa tarehe 23 Mei, mgeni rasmi atafika Malaba. Jana Bwana Meneja alitazama picha za maandalizi kwa mara ya kwanza. Aliita, "Nani amenichorea mkokoteni?" Sharlyne akatazama sakafu, mimi nikatazama Sharlyne, na bado naona haya kwa hilo. Kisha akasoma jina chini ya ramani.

Aliniita ofisini akafunga mlango. Alikuwa mpole. Akanisukumia karatasi: "Mimi, M. Otukei, nathibitisha kwamba mchoro wa alama ulikosewa." Nikitia sahihi, mafundi watapaka rangi nyeusi na kuchora kiti cha Mwongozo kabla ya uzinduzi.

Nilimwuliza kwa nini anahitaji sahihi yangu. Akanisogezea kalamu tu. Nilirudi mezani nikafungua kanuni za kampuni, ambazo nilizipiga chapa mimi Januari. Kanuni ya tisa inasema, "Nafasi yenye alama itatumiwa tu na chombo cha aina iliyoonyeshwa kwenye alama." Iliwekwa ili malori yasiingie kwenye nafasi za magari ya umeme. Lakini haisemi hivyo, inasema nilivyonakili. Na ramani iliyoidhinishwa haibadilishwi mpaka mchoraji akiri kosa kwa maandishi. Maana yake, Mjomba, pale Malaba chombo pekee chenye haki ya kusimama ndicho mlichofunga chuma. Naona nimeandika "mlichofunga". Nilitaka kuandika "tulichofunga".

Sikulala vizuri. Mimi si mtu jasiri, unanijua. Nilikuwa nikimwogopa jogoo wako mpaka kidato cha pili. Asubuhi nilimrudishia Bwana Meneja karatasi. Mahali pa sahihi niliandika, "Mchoro ni sahihi. Kilichokosewa ni mengineyo." Neno la mwisho lilitoka kama la mtoto. Alisoma, akasema, "Mkataba wako unaisha lini, Otukei?" Nikasema, "Tarehe 30 Juni, bwana." Akasema, "Nilifikiri hivyo."

Funguo za vyuma huwa kwenye kabati, na kabati hilo ni la karani. Sikuiba. Nilijaza rejesta ya kutoa funguo, nimeandika: "Ufunguo namba 1. Umetolewa na Mathews Otukei. Sababu: chombo kimeegeshwa panapostahili." Sharlyne aliniona. Akachukua kalamu akatia sahihi pale penye "shahidi", akarudi kwenye kompyuta yake.

Ufunguo uko ndani ya pakiti ya omena aliyokuletea Roselida, chini kabisa. Mpe Olinga afungue mwenyewe, asije akadaiwa. Nakala ya kanuni ya tisa nimeikunja humu. Barua hii usiichome.

Mpwa wako,
Mathews Otukei


Malaba
7 Juni 2025

Mathews,

Mama yako mzima. Anti yako mguu umepona, naye ametangaza kwamba mtungi mwingine kichwani hataubeba labda uwe wa maji ya kanisa. Mjukuu ameanza kukaza shingo.

Roselida alifika na pakiti tarehe 16, siku mbili kabla ya kuuzwa chuma kikuukuu. Hakusema kuna nini ndani, na Anti yako akaimwaga kwenye sufuria. Ufunguo tuliuona maji yakichemka. Olinga alifungua. Akaunusa, akasema, "Mzee, hii ni ya ofisi kweli?" Nikamwambia ofisi za siku hizi ndivyo zinavyonuka.

Mafundi wa rangi nyeusi walikuja siku moja kabla ya sherehe, bila ile sahihi uliyokataa kutia. Wakatukuta kumi na wanne. Nafasi nne, kila moja inameza baiskeli tatu na nusu. Nusu ya mwisho ni ya Mzee Alinga, ambaye hukaa kiupande. Niliwasomea kanuni ya tisa. Fundi mkuu akaangalia baiskeli, akaangalia picha, akaangalia baiskeli. Akasema, "Sasa hapa kosa liko wapi?" Wakanywa chai yetu wakaondoka.

Mgeni rasmi hakushuka kwenye gari. Halikupata mahali pa kusimama. Dereva alizunguka mara tatu, programu ikiwaambia nafasi zipo, kisha wakarudi Busia. Bwana Meneja wako alisoma hotuba yake mbele yetu na mbuzi. Alisema ubunifu wa alama hizi ulikuwa wazo lake tangu mwanzo. Tukampigia makofi. Mtu akitaka kubeba mzigo usio wake, sisi wa Malaba hatumzuii.

Nimesikia kutoka kwa Roselida kwamba mkataba hawakuongezei, na kwamba Sharlyne naye amebaki na kiti chake chupuchupu. Sitakuambia usihuzunike. Kazi ni kazi. Lakini Jumapili iliyopita Mzee Alinga alipoanza kumwombea mtu wa ofisini, nilimwambia jina. Akauliza, "Mtoto wa dada yako Apeduno? Yule aliyekimbizwa na jogoo?" Nikasema huyo. Akaendelea kuomba, kwa sauti kubwa zaidi.

Tarehe moja Julai utakuwa huna kazi, kwa hiyo huna kisingizio. Pitia duka la vifaa hapo Busia, nunua rangi nyeupe mkebe mmoja mdogo na brashi. Tumekubaliana sote kumi na wanne, na si ombi la jumla.

Njoo uongeze kichwa.

Mjomba wako,
Ikapel